USHAHIDI WA YUSUFU MYAHUDI JUU YA NABII ISA (A.S.)

Somo la kupima khabari, kwa Waislamu wa Shangani, Mikindani na mwambao wa Ruvuma

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Katika mwambao wa kusini, tangu Lindi na Mikindani hata Shangani ya Mtwara na mlango wa mto Ruvuma, Waislamu na Manasara ni majirani wa siku nyingi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misioni ya UMCA alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda bara hata Masasi, wakakaa huko. Tangu zama hizo mazungumzo juu ya Nabii Isa (A.S.) hayakukatika barazani wala sokoni, na tangu miaka ya 1980, ilipoenea Tanzania mihadhara ya kulinganisha dini, mazungumzo hayo yalitoka barazani yakaingia viwanjani, mbele ya watu wengi.

Katika mabishano hayo hutajwa jina la mtu mmoja wa kale, naye ni Josephus, Myahudi, mwandishi wa tarikhi, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusufu. Mnasara husema: Tazameni, hata Myahudi asiyekuwa mfuasi amekiri kwamba Isa ndiye Masihi, na kwamba alifufuka siku ya tatu. Na Mwislamu aliyesikia kwamba maneno hayo yana ila hujibu: Maneno hayo yametungwa, na kitabu chote hakina maana. Wote wawili wamefanya haraka. Wa kwanza ameupokea ushahidi bila kuuchungua kwa kuwa unampendeza. Wa pili ameutupa bila kuuchungua kwa kuwa unamchukiza. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Hujurat aya ya 6, imeamrisha khabari ichunguzwe kabla ya kufuatwa. Na katika Sura ya Maida aya ya 8 imewakataza Waumini kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Amri hizo mbili ndizo mizani ya somo hili.

MLANGO WA KWANZA: YUSUFU NI NANI

Yusufu bin Mattathia alizaliwa Baitul Mukaddas mwaka 37 wa Miladi, katika nyumba ya makuhani, na kwa upande wa mama alijinasibisha na ukoo wa wafalme wa Kiyahudi. Mayahudi walipoiasi dola ya Rumi mwaka 66, alipewa ujemadari katika nchi ya Jalili. Mwaka 67 Warumi walimzingira katika mji wa Yotapata kwa siku 47. Mji ulipotekwa alijificha pangoni pamoja na watu 40. Wenziwe wakakata shauri la kufa kuliko kutekwa, wakapiga kura, wakauana mmoja baada ya mmoja, hata akasalia Yusufu na mwenziwe mmoja, naye akajisalimisha. Mbele ya jemadari Vespasian alitabiri kwamba jemadari huyo atakuwa Kaisari. Mwaka 69 ikawa hivyo, na Yusufu akafunguliwa minyororo. Mwaka 70, Tito mwana wa Vespasian alipouteketeza mji wa Baitul Mukaddas na hekalu lake, Yusufu alikuwamo katika kambi ya Warumi. Kisha akahamia Rumi, akapewa uraia na posho na jina la nyumba ya Kaisari, akaitwa Flavius Josephus.

Huko Rumi aliandika kwa Kiyunani kitabu cha Vita vya Mayahudi, katika miaka ya 70, na baada yake kitabu cha Mambo ya Kale ya Mayahudi, chenye juzuu 20, alichokimaliza mwaka 93 au 94. Kitabu hicho cha pili ndicho chenye maneno yanayobishaniwa.

Basi kabla ya kuyafungua maneno yake, yajulikane mambo matatu ya hali yake, kama kadhi aulizavyo hali ya shahidi kabla ya kumsikiliza. La kwanza, Yusufu hakuwa shahidi wa macho. Pilato, liwali wa Rumi, alitawala nchi ya Yahudi tangu mwaka 26 hata mwaka 36, na Yusufu alizaliwa mwaka uliofuata. Kila alilolisema juu ya zama za Pilato, ama alilisikia kwa watu ama alilisoma. La pili, alikula chumvi ya Kaisari. Kwa hiyo anapowasifu wakubwa wa Rumi, au anapojitetea nafsi yake juu ya yale ya pangoni, msomaji na afanye hadhari. La tatu, pamoja na hayo, alikuwa mjuzi wa nchi yake na wa mambo ya makuhani, na mengi aliyoyasema juu ya miji na ngome na majengo yamethibitishwa na wachimbaji wa magofu. Huyo Pilato mwenyewe, ambaye Yusufu amemtaja mara nyingi, jiwe lenye jina lake liliokotwa katika magofu ya Kaisaria mwaka 1961. Mtu wa namna hii hasadikiwi kwa kila neno, wala hakadhibishwi kwa kila neno. Hupimwa khabari kwa khabari.

MLANGO WA PILI: MAHALI PATATU KATIKA KITABU CHAKE

Pa kwanza ni khabari ya Nabii Yahya (A.S.), katika juzuu ya 18. Yusufu amemsifu kuwa mtu mwema, aliyewahimiza Mayahudi kutenda haki wao kwa wao na kumcha Mungu, na kuoga kwa kujitakasa. Amesema kwamba Herode alichelea wingi wa watu waliomfuata wasije wakaondoa fitina, akamfunga katika ngome ya Makaira, mashariki ya Bahari ya Chumvi, akauawa humo. Baadaye jeshi la Herode lilivunjwa na mfalme wa Nabati, Mwarabu, ambaye Wayunani humwita Aretas na kwa Kiarabu ni Harith; na Mayahudi wengine wakasema kwamba kushindwa huko ni adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa damu ya Yahya.

Pa pili ni khabari ya Yakobo, katika juzuu ya 20. Mwaka 62 liwali Festus alikuwa amekufa, na liwali mpya, Albinus, yu njiani. Kuhani mkuu Anano akaikamata nafasi hiyo, akakusanya baraza, akawahukumu watu kadha wa kadha wapigwe mawe. Na mmoja wao alikuwa Yakobo, ambaye Yusufu amemtambulisha kuwa ni ndugu wa Isa aitwaye Masihi. Watu wa mji walioshika sana sheria walichukizwa na dhuluma hiyo, wakapeleka mashitaka, na Anano akauzuliwa akiwa ametawala miezi mitatu tu.

Pa tatu ni fungu fupi lililo katika juzuu ya 18, kabla ya khabari ya Yahya, nalo ndilo lenye vita. Linasema kwamba katika zama za Pilato alikuwako Isa, mtu mwenye hekima. Kisha linatia shaka kama yafaa kumwita mtu. Linasema kwamba alitenda ya ajabu, akafundisha, akawavuta wengi katika Mayahudi na Wayunani. Kisha linakata neno kwamba yeye ndiye Masihi. Linasema kwamba Pilato alimhukumu kusulubiwa kwa mashitaka ya wakubwa wa Mayahudi, na wafuasi wake hawakuacha kumpenda. Kisha linasema kwamba aliwatokea siku ya tatu akiwa hai, kama walivyobashiri manabii. Mwisho linasema kwamba kabila ya watu walioitwa kwa jina lake haijakoma.

MLANGO WA TATU: MFANO WA HATI YA DENI

Ili jambo hili lieleweke, upigwe mfano. Mtu wa Shangani amemkopesha nahodha fedha za kununua tanga na kamba, wakaandikiana hati. Miaka ikapita, mkopeshaji akafa, na mayatima wake wakaipeleka hati kwa kadhi. Kadhi alipoitazama akaona mistari saba ya wino mmoja na mkono mmoja. Na kati ya mistari hiyo yamebanwa maneno machache ya mkono mwingine, yasemayo kwamba na chombo chenyewe kimewekwa rehani. Kadhi asiyejua kazi yake atasema: Hati ni hati, chombo kichukuliwe. Na mwingine aliye kama yeye atasema: Hati imeghushiwa, deni limeanguka. Lakini kadhi mwadilifu atayatenga maneno yaliyobanwa, kisha atauliza juu ya deni lenyewe: je, wako watu wengine walijuao? Je, daftari la nahodha lalitaja? Hivyo hatamdhulumu nahodha chombo chake, wala hatawadhulumu mayatima haki ya baba yao.

Na maulamaa wa Hadithi wanalo jina la jambo hili. Huliita mudraj, yaani maneno yaliyoingizwa ndani ya khabari, yasiyokuwa ya mwenye khabari. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyekufa mwaka 463 wa Hijra, ulio 1071 wa Miladi, alitunga kitabu kizima juu ya mlango huo. Wala si kila mwingizaji ni mwongo. Huenda mpokezi mmoja alilieleza neno kwa maneno yake, na aliyemsikia akadhani maelezo ni sehemu ya khabari. Na katika vitabu vya kunakiliwa kwa mkono, huenda mwenye nakala aliandika fikira yake pambizoni mwa karatasi, na mnakili wa baada yake akaitia ndani ya matini kwa kudhani kuwa ilisahauliwa. Alama za mudraj zinajulikana: neno lisiloweza kutoka kinywani mwa msemaji; neno ambalo wapokezi wengine hawanalo; na neno ambalo watu wa zamani waliokisoma kitabu hawakuliona.

MLANGO WA NNE: FUNGU LA TATU LAPIMWA

Alama ya kwanza imo. Yusufu aliishi Myahudi na akabaki katika dini ya Kiyahudi. Asemaye kwa kukata kwamba Isa ndiye Masihi, na kwamba alifufuka kama manabii walivyobashiri, huyo ni Mnasara. Tena Yusufu mwenyewe, katika kitabu cha Vita, alitaja ule ubashiri kwamba mtawala wa ulimwengu atatoka nchi ya Yahudi, akasema kwamba maana yake ni Vespasian, kwa kuwa alifanywa Kaisari akiwa katika nchi hiyo. Mtu aliyempa Vespasian ubashiri huo haiwi akampa Isa daraja ya Masihi katika kitabu kingine bila neno la kueleza.

Alama ya pili nayo imo. Origen, mwanachuoni mkubwa wa Manasara wa karne ya 3, alikijua kitabu cha Mambo ya Kale, akataja khabari ya Yahya na khabari ya Yakobo. Na katika vitabu vyake viwili amesema wazi kwamba Yusufu hakumwamini Isa kuwa ni Masihi. Angaliyaona maneno yaliyomo leo, asingalisema hivyo. Na ushahidi wa Origen ni mzito, kwani alikuwa na haja ya kuyapata maneno ya namna hiyo kwa ajili ya kuitetea dini yake, naye akashuhudia kinyume.

Alama ya tatu: mtu wa kwanza ajulikanaye kulinakili fungu hilo kama lilivyo leo ni Eusebius, askofu wa Kaisaria, mwanzoni mwa karne ya 4, zaidi ya miaka 200 baada ya kitabu kuandikwa. Na nakala za Kiyunani za juzuu hiyo zilizobaki duniani, iliyo ya kale kupita zote ni ya karne ya 11. Nazo zote zilipita katika mikono ya wanakili wa Kinasara, kwani Mayahudi hawakuvitunza vitabu vya Kiyunani vya Yusufu. Alama ya nne: Jerome, mwanachuoni wa Manasara aliyelifasiri fungu hilo kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, hakuandika kwamba Isa ndiye Masihi, bali kwamba aliaminiwa kuwa Masihi. Na baina ya neno hili na lile iko tofauti kubwa, kwani la kwanza ni kukiri, na la pili ni kusimulia waliyoyakiri wengine.

Hapa na itajwe haki ya watu. Waliofumbua ila hizi si Waislamu. Ni wanavyuoni wa Ulaya, walio wengi wao Manasara, tangu karne ya 16, waliovichungua vitabu vyao wenyewe na wakasema waliyoyaona ijapokuwa yaliwauma. Mwislamu anayezitumia hoja zao barazani naye amewiwa kuifuata insafu yao.

Basi je, fungu lote limetungwa? Katika suala hili ziko kauli tatu. Wako wasemao kwamba lote ni la Yusufu. Wako wasemao kwamba lote limeingizwa. Na kauli ya tatu, ambayo wanavyuoni wengi wa zama hizi wameielekea, ni kwamba asili ni ya Yusufu na mkono wa Mnasara umezidisha. Hoja ya hawa ni kwamba ndani ya fungu yamo maneno ambayo mtungaji wa Kinasara asingaliridhika nayo, kama kumwita Isa mtu mwenye hekima tu, na kuwaita wafuasi wake kabila. Tena khabari ya Yakobo katika juzuu ya 20 inamtaja Isa kwa neno moja tu, kana kwamba msomaji amekwisha kumsikia huko nyuma. Na yakiondolewa maneno matatu, yaani shaka ya kuitwa mtu, kukata kwamba ndiye Masihi, na ufufuo wa siku ya tatu, yaliyobaki husomeka sawasawa bila pengo. Hii ndiyo hati ya Shangani: mistari saba ya mkono mmoja, na maneno machache ya mkono mwingine yaliyobanwa katikati.

Ama khabari ya Yahya na khabari ya Yakobo, hizo zina nguvu zaidi. Origen alizijua zote mbili. Khabari ya Yahya haina harufu ya Kinasara: haimfungamanishi Yahya na Isa hata kidogo, na sababu ya kuuawa kwake ni khofu ya ufalme, si ile khabari ya binti aliyecheza mbele ya Herode iliyomo katika Injili za Manasara. Na khabari ya Yakobo ni ya siku za Yusufu mwenyewe, naye kijana wa miaka 25 hivi, mtoto wa makuhani, akisimulia dhuluma ya kuhani mkuu wa mji wake. Kwa sababu hizi wanavyuoni walio wengi wamezikubali.

MLANGO WA TANO: NAKALA YA KIARABU NA JINA LA IBN KURYUN

Katika karne ya 10 ya Miladi, iliyo ya 4 ya Hijra, Mahbub bin Kustantin, askofu wa Manbij katika nchi ya Sham, ajulikanaye pia kwa jina la Agapius, alitunga tarikhi kwa Kiarabu iitwayo Kitab al-Unwan. Ndani yake amelinakili fungu la Yusufu kwa maneno laini: kwamba wafuasi wa Isa walieleza ya kuwa aliwatokea, na kwamba labda yeye ndiye Masihi. Mwaka 1971 Shlomo Pines, mwanachuoni wa Baitul Mukaddas, aliyadhihirisha maneno hayo kwa ulimwengu, na watu wengi wakadhani kwamba lile neno la asili limepatikana.

Mwislamu akisikia kwamba iko nakala ya Kiarabu isiyomkiri Masihi, moyo wake huirukia. Na asiirukie. Kwanza, nakala hiyo hiyo inasema kwamba Pilato alimhukumu Isa kusulubiwa na kufa. Basi mwenye kuishika ili aikanushe sulubu ameushika upanga kwenye makali. Pili, Mahbub naye ni Mnasara na askofu, hakutoka nje ya nyumba. Tatu, mwaka 2008 Alice Whealey alileta hoja kwamba maneno ya Mahbub yametoka katika tafsiri ya Kisuriani ya kitabu cha Eusebius. Kama ndivyo, njia hii si njia nyingine. Ni njia ile ile iliyopita kijiji kingine. Na watu wa Hadithi wanajua kwamba njia mbili zikikutana kwa mpokezi mmoja, ushahidi wake ni mmoja.

Liko na jambo la pili la kuhadharisha. Msomaji wa vitabu vya Kiarabu atamkuta Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 808 wa Hijra, akitegemea kwa khabari za Mayahudi kitabu cha mtu aitwaye Yusuf bin Kuryun. Huyo siye Yusufu bin Mattathia. Kitabu hicho kilitungwa kwa Kiebrania katika nchi ya Italia katika karne ya 10, kwa kuchota katika vitabu vya Yusufu wa kweli na vinginevyo, kisha kikafasiriwa kwa Kiarabu. Na majina ya watu wawili yakachanganyika. Asemaye barazani kwamba Ibn Khaldun amemsoma Josephus amekosea kwa kufanana kwa majina.

MLANGO WA SITA: TARIKHI YA KILWA YAFUNDISHA LILE LILE

Mtu wa pwani asidhani kwamba mambo haya ni ya vitabu vya Manasara na Mayahudi peke yao. Kilwa Kisiwani, ulio katika mwambao huu huu wa kusini, una tarikhi iliyofika kwa njia mbili. Moja ni ya Kireno, aliyoitia João de Barros katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1552. Ya pili ni ya Kiarabu, nayo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, akapewa John Kirk, balozi wa Kiingereza, ikapelekwa London. Nakala hizi mbili zapatana katika shina, kwamba asili ya masultani ni Shirazi. Lakini ya Kiarabu yasema kwamba alitoka baba na wanawe sita katika merikebu saba, na ya Kireno yampa uanzilishi Ali, mmoja katika wana wa Sultani wa Shirazi. Na katika majina na miaka ya masultani zinakhitalifiana mara nyingi.

Je, itupwe? La. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aitwaye Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Na tarikhi ya Kilwa inamtaja yeye huyo. Na sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zimeokotwa katika magofu ya Kilwa na kisiwani Mafia. Kwa hiyo mwenye akili huishika tarikhi ya Kilwa pale ilipopata shahidi wa nje, na husimama pale nakala zake zinapogombana. Basi mtu akiipima tarikhi ya wazee wake kwa kipimo hiki, kisha akakataa kumpimia Yusufu kwa kipimo hicho hicho, amekuwa kama mchuuzi mwenye vibaba viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Na Sura ya Mutaffifin imekwisha kuwaonya watu hao.

MLANGO WA SABA: SUALA NA JAWABU

Suala: Je, Mwislamu anamhitaji Yusufu ili amwamini Nabii Isa (A.S.)?
Jawabu: La. Imani ya Mwislamu juu ya Isa mwana wa Maryamu imesimama juu ya Qur'ani. Yusufu akisadikiwa haimzidishi, na akikadhibishwa haimpunguzi. Faida ya kumsoma Yusufu ni kuzijua zama zile, na kumjibu mtu kwa elimu badala ya kelele.

Suala: Wako wasemao kwamba Isa hakuwako kabisa duniani, na kwamba kubatilika kwa fungu la Yusufu ndiyo dalili. Je, Mwislamu aichukue hoja hiyo dhidi ya Manasara?
Jawabu: Haijuzu. Anayeichukua anakitoboa chombo alichokipanda yeye mwenyewe, kwani kumkanusha Isa ni kuikanusha Qur'ani. Tena hoja yenyewe ni dhaifu. Khabari ya Yakobo inasimama pasipo lile fungu. Na Tacitus, mwandishi wa Kirumi asiyekuwa Myahudi wala Mnasara, kwenye mwaka 116 hivi amemtaja mwenye kuitwa Kristo na liwali Pilato.

Suala: Yusufu akiwa ametaja hukumu ya kusulubiwa, Mwislamu aseme nini?
Jawabu: Aseme lililo kweli, kwamba Yusufu alizaliwa baada ya Pilato kuondoka, naye amesimulia lililokuwa likijulikana kwa watu. Waislamu wanaitakidi yaliyomo katika Sura ya Nisaa aya ya 157, na aya hiyo yenyewe imetaja kwamba jambo lile liliwatatiza watu. Basi khabari ya waliyoyasadiki watu haiivunji aya, wala haiisimamishi. Mnasara ana haki ya kusema kwamba asili ya fungu hilo yaafikiana na vitabu vyake. Na Mwislamu ana haki ya kusema kwamba msimulizi hakushuhudia. Wakiishia hapo, wote wawili wamesema kweli.

Suala: Na neno ndugu wa Isa?
Jawabu: Manasara wenyewe wamekhitalifiana. Wako wasemao ni ndugu wa tumbo moja, wako wasemao ni watoto wa Yusufu seremala kwa mke aliyetangulia, na wako wasemao ni binamu. Waislamu wanaitakidi kwamba Bibi Maryamu alimzaa Isa naye ni bikira. Ama khabari ya Yakobo, Qur'ani imeinyamazia, na kunyamaza pale iliponyamaza ni adabu.

KHATIMA

Yaliyopita yakusanywe katika maneno manne. Yusufu hukubaliwa juu ya Yahya na Yakobo, kwa kuwa khabari hizo zina mashahidi na hazina alama ya kuingizwa. Maneno ya Umasihi na ufufuo yaliyotiwa katika fungu la tatu si hoja, na mwenye kuyaleta barazani na ajibiwe kwa Origen, mwanachuoni wake, kwa upole. Asili ya fungu hilo, kwa kauli iliyo na nguvu, ni ya Yusufu, na Mwislamu hana haki ya kuitupa yote kwa sababu ya sehemu. Na nakala ya Mahbub isifanywe silaha, kwani haifikii yale yanayotakwa kwayo.

Nahodha atokaye Mikindani kwenda Msimbati haendeshi chombo kwa kupenda kwake. Hutazama kina cha maji na miamba ilipo. Na mwenye kusimama mbele za watu kuisema dini ya Mwenyezi Mungu ana haja kubwa zaidi ya kutazama anapopitisha ulimi wake. Akishinda barazani kwa khabari mbovu, amepata makofi ya siku moja, na ameacha deni ambalo wanawe watadaiwa siku jirani yao atakapoisoma kweli. Lakini akisema, Hili ni kweli ijapokuwa linakufaa wewe, na hili si kweli ijapokuwa lingalinifaa mimi, neno lake litasadikiwa na kesho pia.

Mwenyezi Mungu awaruzuku Waislamu elimu yenye manufaa na ndimi za uadilifu. Amin.

Wallahu aalam.